Shukrani Kabla ya Mchango: Jioni ya Kumuenzi Mchezaji na Sifa za Makocha

Wapenzi wa michezo wa Mwembe Tayari, Mombasa, wakikaa kwenye kahawa baada ya mechi, mazungumzo hayachelewi kufika kwenye maswali mawili. La kwanza: fulani ameitumikia timu miaka yote hii, ameondoka na nini? La pili: kati ya makocha wote waliopita, nani hasa aliyejua kufundisha? Kwa kawaida maswali haya huulizwa mbalimbali, kila moja likapata majibu yake. Hapa tutayachukua pamoja. Tutaeleza jioni ya kumuenzi mchezaji ni nini na fedha zake hupatikanaje, kisha mtindo wa kocha ni nini na hupimwaje, ndipo tutazame mahali mambo hayo mawili yanapokutana.

Mifano mingi itatoka kwenye raga. Mombasa ni mji wa kandanda kwanza, hilo halina ubishi. Lakini raga nayo ina makao yake kisiwani, pale Mombasa Sports Club, yanakochezwa mashindano ya Driftwood ya wachezaji saba kila upande. Tena raga ndiyo mchezo uliogawanyika vipande viwili kwa sababu ya swali la malipo ya mchezaji. Anayetaka kuelewa jambo hili atafaidika akianzia huko.

Tuanze na maana. Jioni ya kumuenzi mchezaji ni hafla inayoandaliwa kwa ajili ya mchezaji mmoja aliyeitumikia timu kwa muda mrefu, ambapo fedha zinazobaki baada ya gharama humwendea yeye, au huenda kwenye jambo alilolichagua yeye. Ikifanyika uwanjani badala ya ukumbini, huitwa mechi ya kumuenzi. Alama zake ni tatu: mtu mmoja, utumishi mrefu, na mapato. Ikikosekana ya tatu, hafla hiyo inabaki kuwa ya kuagana. Kuagana ni jambo jema, lakini ni jambo jingine.

Tofauti hiyo inaonekana vizuri kwa majirani zetu. Agosti 2018, klabu ya Yanga ya Dar es Salaam ilimuaga beki na nahodha wake Nadir Haroub, maarufu kwa jina la Cannavaro, mzaliwa wa Zanzibar, katika mchezo wa kirafiki mjini Morogoro. Jezi yake namba 23 ikaenda kwa beki kijana, Abdallah Shaibu, na Cannavaro mwenyewe akapewa kazi ya kuisimamia timu kama meneja. Hapo shukrani ilipita kwenye njia mbili: heshima ya jezi na nafasi ya kazi. Mechi yenye lengo la kukusanya fedha hupita njia ya tatu, na njia hiyo ndiyo inayohitaji maelezo.

Desturi ya kumpa mchezaji mapato ya mechi ilikomaa kwenye kriketi ya Uingereza. Mwaka 1920 klabu ya Kent ilimpa James Seymour, aliyeichezea miaka mingi, mapato ya mechi moja, naye akanunua shamba. Maafisa wa kodi wakadai kwamba fedha zile ni mshahara, kwa hiyo zikatwe kodi. Kesi ilipanda ngazi kwa ngazi mpaka mahakama ya juu ya nchi ile, na mwaka 1927 uamuzi ukatoka: ile ilikuwa zawadi, kwa sababu ilitolewa kwa kumthamini mtu mwenyewe, na hakuna mkataba uliomfanya aidai.

Katikati ya miaka ya 1950 ikaja kesi ya pili iliyoonyesha upande wa pili wa uamuzi huo. Bruce Dooland, mrushaji kutoka Australia, alikuwa akichezea klabu ya East Lancashire, na mkataba wake ulisema kwamba akifikia kiwango fulani katika mechi, watazamaji watapitishiwa mchango kwa ajili yake. Mahakama ikaamua kwamba mchango ule ni sehemu ya ujira. Watazamaji walikuwa wakitoa kwa hiari yao, kama walivyotoa kwa Seymour. Kilichobadilika ni kwamba Dooland alikuwa na haki ya kuupata.

Kutokana na kesi hizo mbili tunapata kanuni moja. Shukrani ni kile kinachotolewa mtu asipokuwa na haki ya kukidai. Kikishaandikwa kwenye mkataba, kimegeuka mshahara. Kanuni hii ina faida yake hata nje ya mambo ya kodi, kwa sababu inamkataza mwajiri kulilipa deni lake kwa kulibandika jina la zawadi.

Sasa turudi kwenye raga. Tarehe 29 Agosti 1895, viongozi wa klabu za kaskazini mwa Uingereza walikutana katika hoteli ya George mjini Huddersfield wakajitenga na chama cha raga. Wachezaji wao wengi walikuwa wachimba makaa ya mawe na wafanyakazi wa viwanda vya nguo. Mtu wa namna hiyo akicheza Jumamosi alipoteza ujira wa siku, na chama hakikuruhusu afidiwe. Klabu zilizojitenga zikakubali kumfidia mpaka shilingi sita kwa siku. Baadaye, mwaka 1906, zikapunguza wachezaji kutoka 15 hadi 13 kila upande, na hivyo mchezo mpya ukazaliwa. Raga ya wachezaji 15 iliendelea kukataza malipo mpaka Agosti 1995.

Historia hiyo inatueleza kwa nini jioni za kumuenzi mchezaji zimeshamiri sana kwenye raga ya wachezaji 13. Mchezo huo tangu mwanzo ulikiri kwamba mwili wa mchezaji ni chombo chake cha kazi, na kwamba chombo hicho huchakaa. Mchezaji aliyekaa na klabu moja kwa takriban miaka kumi hutengewa msimu wa kumuenzi: chakula cha jioni, mechi ya kirafiki, mnada, na mazungumzo ya hadhara ambapo yeye na wenzake husimulia waliyoyaona. Mashabiki huja kusikiliza kama wanavyokuja kuchanga.

Je, fedha hupatikanaje? Tufanye hesabu ya mfano, kwa tarakimu za kubuni. Tuseme kamati imepata ukumbi mjini Mombasa na kuuza tiketi 300 kwa shilingi 2,000 kila moja. Hizo ni shilingi 600,000. Ukumbi na chakula vikigharimu shilingi 1,100 kwa kila mgeni, zinaondoka 330,000. Vipaza sauti, uchapishaji na usafiri vikichukua 70,000, kinachobaki ni 200,000. Kwa hiyo ukumbi uliojaa pomoni umempa mchezaji theluthi moja tu ya fedha zilizopita mlangoni.

Tuendelee na hesabu. Jezi, viatu na picha zilizotiwa saini zikinadiwa, tuseme zinaleta 150,000. Matangazo ya wafanyabiashara katika kijitabu cha hafla yakileta 250,000 nyingine, jumla inafika 600,000. Somo la hesabu hii ni kwamba tiketi hujaza viti na kulipa gharama, lakini fungu kubwa la mchezaji hutoka kwenye mnada na matangazo. Kamati inayojishughulisha na tiketi peke yake itafanya kazi kubwa kwa matunda madogo. Na ikiwa gharama hazitawekwa wazi, mashabiki wataona umati, watakisia mamilioni, na mchezaji atasingiziwa utajiri ambao hakuupata.

Ndiyo maana muundo wa kamati una uzito. Uingereza ilibadilisha sheria yake ya kodi kuanzia Aprili 2017: mapato ya hafla hizi sasa hutozwa kodi, lakini pauni 100,000 za mwanzo husamehewa, kwa sharti kwamba mchezaji hana haki nazo kimkataba na kwamba waandaaji ni watu walio huru na mwajiri wake. Kanuni ya mwaka 1927 imebaki ndani ya sheria mpya. Kinachotazamwa ni nani anayetoa, nani anayeandaa, na kama mpokeaji angeweza kudai.

Hafla hizi pia zina uwezo wa kupanua lengo lake. Tarehe 12 Januari 2020, mjini Leeds, ilichezwa mechi ya kumuenzi Jamie Jones-Buchanan, aliyekuwa na klabu ya Leeds kwa takriban miaka 20. Wiki chache kabla yake, mwenzake wa zamani Rob Burrow alikuwa ametangaza kwamba ana maradhi ya neva zinazoendesha misuli, maradhi yasiyo na tiba. Mechi ikageuzwa kuwa ya wote wawili, fedha zikaelekezwa pia kwa Burrow, naye akaingia uwanjani dakika za mwisho mbele ya umati wa karibu watu 20,000. Burrow alifariki Juni 2024. Hilo liliwezekana kwa haraka kwa sababu kamati, uwanja na tarehe vilikuwa tayari vimeandaliwa. Shida ilipoingia, ilikuta chombo kimeshaundwa.

Kwetu Kenya mpangilio huwa kinyume. Chombo tunachokijua sana ni mchango wa harambee, na mara nyingi huitishwa mtu akiwa kitandani. Benjamin Ayimba, nahodha wa zamani wa timu ya taifa ya raga na kocha aliyeipa Shujaa, timu ya taifa ya wachezaji saba, ushindi wake mkubwa kuliko wote, aliugua malaria kali mwaka 2021. Familia yake ikalazimika kuomba umma usaidie gharama za matibabu. Watu wa raga walichanga. Tarehe 21 Mei mwaka huo akafariki, akiwa na umri wa miaka 44.

Mchango huo ulikuwa tendo la utu, na hakuna anayestahili kulaumiwa kwa kuuitisha wala kwa kuutoa. Lakini tuangalie jinsi unavyofanya kazi. Mchango wa ugonjwa huanza fedha zikiwa zimeshahitajika, kwa hiyo hauna muda wa kupanga. Kiasi chake hutegemea habari imefika wapi siku hiyo. Fedha zote huishia hospitalini, hata senti moja haianzishi maisha ya baada ya mchezo. Na mgonjwa hayuko katika hali ya kusikia wala kusimulia. Jioni ya kumuenzi hutangulia haja, hupangwa kwa miezi, na mwenye shughuli huketi akiwa mzima, anasikia na kusema. Nukta hiyo ya mwisho, ya kusema, ndiyo inayotupeleka kwenye swali la pili.

Mtindo wa kocha ni nini? Wengi huujibu kwa tabia: huyu mkali, yule mpole. Tabia huonekana upesi lakini haielezi mengi. Ni afadhali kuutazama mtindo kama majibu ya maswali matatu. Kwanza, mpira ukiwa mchezoni, nani anaamua: mpango uliofundishwa au mchezaji mwenye mpira? Pili, mazoezini, ujuzi hujengwa kwa kurudia tendo moja mpaka liwe mazoea, au kwa kuwaingiza wachezaji katika hali za mechi wajitafutie njia? Tatu, mchezaji akikosea, kosa hilo hupata adhabu, maelezo, au nafasi ya kujaribu tena? Makocha wawili wenye sauti kali sawa wanaweza kutofautiana kabisa katika majibu haya.

Majibu hayo hutegemea pia sheria za mchezo wenyewe. Katika raga ya wachezaji 13, timu yenye mpira huangushwa mara sita tu, kisha humkabidhi mpinzani. Kwa hiyo mafundisho yake yamejengwa juu ya hesabu: mara ya kwanza tufike wapi, ya tano tuwe upande gani. Katika raga ya wachezaji saba hakuna hesabu hiyo. Kipindi ni dakika saba, uwanja ni ule ule wa wachezaji 15, na timu iliyofunga ndiyo inayopiga mpira wa kuanzisha tena. Timu inayoweza kuudaka mpira huo inaweza kufunga mara mbili mfululizo kabla mpinzani hajaugusa. Kocha wa mchezo huu lazima aamue ni saa ngapi za mazoezi zitaenda kwenye tendo hilo moja.

Kenya iliwahi kumpata mtu aliyevuka kutoka mchezo mmoja kwenda mwingine. Damian McGrath, aliyekulia katika raga ya wachezaji 13 kaskazini mwa Uingereza, aliifundisha Samoa ikashinda mashindano ya Paris mwaka 2016, kisha Kanada ikashinda yale ya Singapore mwaka 2017. Mwishoni mwa 2022 alichukua Shujaa. Mei 2023, Kenya ikashushwa kutoka msururu wa dunia wa mashindano ya wachezaji saba. Je, mtindo uliofaa Samoa na Kanada haukufaa Kenya? Matokeo peke yake hayatoi jibu.

Kwa nini hayatoi? Tuyapange ubaoni. Mwaka 2009 Shujaa ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia la wachezaji saba mjini Dubai, kocha akiwa Ayimba. Mwaka 2013 ilifika tena nusu fainali, mjini Moscow, kocha akiwa Mwingereza Mike Friday. Aprili 2016, Ayimba akiwa amerudi, ikashinda mashindano ya Singapore kwa kuifunga Fiji 30 kwa 7 katika fainali. Baada ya kushuka mwaka 2023, Kevin Wambua akaichukua, ikafuzu Olimpiki kwa kuishinda Afrika Kusini mjini Harare, na katikati ya 2024 ikarejea kwenye msururu. Mwenyeji ameshinda na mgeni ameshinda. Anayesema mwenyeji ndiye bora ana mfano wake, na anayempinga naye anao.

Kuna jambo moja halikubadilika kati ya 2009 na 2016. Makocha walikuja na kuondoka, lakini Collins Injera alikuwepo. Ndiye aliyeongoza dunia kwa trai katika msimu wa 2008 na 2009, akiwa na 42, na ndiye aliyevunja rekodi ya dunia ya trai katika msururu mwaka 2016. Kaka yake, Humphrey Kayange, aliyekuja kuwa mwanachama wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, alikuwa naye kwa sehemu kubwa ya safari hiyo. Basi ushindi ule ulikuwa wa kocha au wa wachezaji? Ukiona vyaelea, vimeundwa. Lakini aliyekaa pwani akitazama hawezi kusema ubao upi uliwekwa na fundi yupi.

Anayeweza kusema ni mchezaji aliyefundishwa na makocha kadhaa kwa miaka mingi. Mwili wake na umri wake hubadilika, lakini ndiye shahidi wa pekee aliyeyapokea majibu ya yale maswali matatu kutoka kwa watu tofauti. Mchezaji wa msimu mmoja humjua kocha mmoja tu. Kocha mwenyewe hujua alichokusudia, asijue kilichopokelewa. Mwandishi wa habari huona mechi, huku mtindo ukijengwa mazoezini. Kwa hiyo mashabiki wanaobishana kuhusu makocha bila kumsikia mchezaji wa muda mrefu wanabishana juu ya matokeo wakidhani wanazungumzia mafundisho.

Hapa ndipo maswali mawili ya kwenye kahawa yanapokutana. Sifa inayomstahilisha mchezaji kuenziwa, yaani utumishi mrefu, ndiyo hiyo hiyo inayomfanya ashuhudie mitindo ya makocha. Mombasa tunalijua pengo la kutokuwa na ushahidi huo. Klabu ya Feisal ya mji huu ilitwaa ubingwa wa kandanda wa Kenya mwaka 1965. Mwaka umeandikwa, kombe limeandikwa. Kijana anayetaka kujua timu ile ilifanya mazoezi vipi lazima amtafute mzee aliyekuwepo, na wazee wa namna hiyo wanapungua kila mwaka.

Pingamizi tatu zinastahili kusikilizwa. Ya kwanza ni kwamba jioni hizi huwafaa wenye majina, huku beki wa pembeni aliyecheza miaka 12 bila kupigwa picha akisahaulika. Pingamizi hii ni ya kweli, na dawa yake ni kuweka kipimo cha miaka ya utumishi kabla ya kutaja majina. Hata wachezaji watatu wa wastani wanaweza kuenziwa katika jioni moja, mapato yakigawanywa sawa.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi. Klabu inayochelewesha mishahara inaweza kuitumia jioni hiyo kama pazia: mashabiki wachange, deni lisahaulike. Kanuni tuliyoipata kwa Seymour na Dooland inalijibu hili. Kinachodaiwa kilipwe kwanza kama deni, na shukrani ije juu yake. Kamati ikiwa nje ya klabu, na hesabu zikisomwa hadharani ndani ya mwezi mmoja, pazia hilo halipati pa kutundikwa.

Pingamizi ya tatu ni ya adabu zetu. Katika hafla ya heshima, mbele ya kocha aliyealikwa na wazee waliokaa mbele, hakuna mchezaji atakayesimama kusema mazoezi ya fulani hayakuwa na maana. Wala haifai aseme hivyo. Lakini yale maswali matatu hayahitaji lawama. Mtu anaweza kueleza kwa heshima zote kwamba kocha wa kwanza aliwaachia waamue wenyewe na wa pili aliwapangia kila hatua, na kwamba yeye alicheza vizuri zaidi chini ya mmoja wao kwa sababu kadha wa kadha. Mazungumzo hayo yarekodiwe siku chache kabla, kwa utulivu, yakihojiwa na mtu anayeujua mchezo, kisha sehemu zake zisikilizwe ukumbini na nakala kamili ihifadhiwe.

Tumefika mahali pa kutoa uamuzi. Jioni ya kumuenzi mchezaji inastahili kuwa desturi ya kudumu katika klabu za Mombasa, za raga na za kandanda, kwa masharti manne: miaka kumi ya utumishi iwe kipimo, kamati iwe huru na klabu, hesabu zisomwe hadharani, na ushuhuda wa mchezaji kuhusu makocha wake urekodiwe. Masharti matatu ya kwanza humlinda mchezaji na jina lake. La nne humlipa kila aliyenunua tiketi, kwa sababu linampa kocha kijana wa kesho kitu ambacho leo hakipati popote. Harambee tutaendelea kuzihitaji, maana maradhi hayapigi hodi. Lakini mji unaongoja mchezaji augue ndipo umshukuru unapoteza mara mbili: unampa fedha zikiwa zimechelewa, na elimu aliyoibeba kwa miaka yote hiyo inaondoka naye. Klabu yenye mchezaji aliyetimiza mwaka wa kumi na iteue kamati yake msimu huu, angali anacheza.